Wakili na Mkataba wa Bujagali: Nani Alijua Bei ya Umeme Wetu?

Wandegeya ni mtaa mdogo ulio njia panda. Upande mmoja liko lango kuu la Chuo Kikuu cha Makerere. Upande wa pili barabara yapanda kuelekea Hospitali ya Mulago. Na katikati kuna taa za barabarani, soko, maduka ya kunakili karatasi na meza za wauza rolex. Kwa msomaji asiyeijua Kampala nieleze kwamba rolex ya huku si saa ya mkononi, bali ni mayai yaliyokaangwa na kukunjiwa ndani ya chapati. Jina la mtaa lenyewe, wasemavyo wenyeji, limetokana na endegeya, ndege ambao kwa Kiswahili huitwa minana, wale wafumao viota vinavyoning'inia matawini.

Kwa wanasheria wa Uganda, mtaa huu ni kama mlango wa nyumba. Masomo ya sheria yalianza kufundishwa pale Makerere mwaka 1968. Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1970, kiko kwenye Barabara ya Makerere Hill, mwendo mfupi kutoka kwenye taa za Wandegeya, na humo ndimo mhitimu wa sheria hufundwa kazi kabla ya kuruhusiwa kuvaa joho la uwakili. Vizazi vya wanasheria vimenunua chakula chao cha jioni kwenye meza zile.

Insha ya leo inahusu wanasheria, ila si wale wa kesi za wizi, mirathi na talaka. Inahusu wanasheria wa nishati na mazingira. Wanafunzi wengi hudhani kwamba umeme ni kazi ya wahandisi peke yao: wao hujenga bwawa, hutandaza nyaya, na taa zikawaka. Lakini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa mtoni, huwa kuna karatasi. Karatasi hiyo husema nani atajenga, nani atalipa, atalipa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na nani atabeba hasara maji yakipungua. Aiandikaye ni mwanasheria, na atakayeipinga mahakamani ni mwanasheria pia.

Tuyaweke sawa maneno machache kabla ya kuendelea. Mwanasheria ni mtu yeyote aliyesomea sheria. Wakili ni mwanasheria aliyesajiliwa, anayeruhusiwa kumsemea mtu mwingine mahakamani. Jaji huamua kesi katika mahakama za juu, na hakimu huamua katika mahakama za chini. Nishati jadidifu ni ile isiyokwisha kwa kutumiwa, kwa sababu maumbile huirejesha: maji yatiririkayo, jua, upepo. Neno lenyewe latokana na jadidi, yaani kufanya kitu kiwe kipya tena.

Rai yangu ni moja. Umeme wa maji, wa jua au wa upepo hauwi wa haki kwa sababu tu hautoi moshi. Huwa wa haki pale wale wanaoulipia wanapoweza kuusoma mkataba wake. Historia ya Uganda yatupa ushahidi wa jambo hili, na katikati ya ushahidi huo yumo wakili mmoja aliyeitwa Kenneth Kakuru.

Mto uliosemewa na wengine

Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, nchi ikiwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja ambapo Mto Naili hutoka Ziwa Viktoria, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Sherehe ilikuwa kubwa. Lakini makubaliano yaliyoliwezesha bwawa hilo yalikuwa yamekwisha kufikiwa mbali na Jinja.

Kati ya mwaka 1949 na 1953, serikali ya Uingereza na serikali ya Misri ziliandikiana barua rasmi juu ya mto huo, kwa kuwa maji yatokayo Ziwa Viktoria ndiyo sehemu ya maji yanayofika Misri. Misri ilikubali kuchangia gharama, nayo ikapata haki ya kumweka mhandisi wake Jinja ili aangalie kiasi cha maji kinachoachiliwa. Kanuni iliyofuatwa ilikuwa rahisi kueleweka: ziwa likijaa, maji mengi yapite, likipungua, machache yapite, kana kwamba bwawa halikuwapo na mto unajiendea kwa tabia yake ya asili.

Kanuni hiyo haikuwa mbaya. Iliulinda mto na iliwalinda waliokaa chini yake. Kasoro ilikuwa mahali pengine. Waliokaa ukingoni mwa mto, waliovua humo na kunywa humo, hawakuwa na kiti mezani. London ilisema kwa niaba ya Uganda, Cairo ikasema kwa niaba ya Misri. Mwananchi wa Jinja aliuona ukuta wa saruji ukipanda, na hakuna aliyempa karatasi asome.

Vifungu vitatu vya Katiba

Uhuru ulikuja mwaka 1962, lakini desturi ya kuficha mikataba haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1995, baada ya miaka mingi ya mapinduzi na vita, ndipo Uganda ikapata Katiba iliyobadili hesabu.

Ningependa kila mwanafunzi wa uraia avijue vifungu vitatu vya Katiba hiyo. Kifungu cha 39 kinampa kila mtu wa Uganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 41 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali na vyombo vyake, isipokuwa zile zinazoweza kuhatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu. Kifungu cha 50 kinamruhusu mtu au shirika kwenda mahakamani kutetea haki za wengine zilizovunjwa.

Hiki cha mwisho ndicho kilichofungua mlango. Kwa mapokeo ya zamani ya sheria za Kiingereza, aliyekwenda mahakamani alitakiwa aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameumizwa. Mto unapoharibika, nani hasa ameumizwa? Kila mtu, kidogo kidogo. Na penye kidogo kidogo cha kila mtu, hakukuwa na mdai. Kifungu cha 50 kiliondoa kikwazo hicho. Sasa shirika dogo lenye mawakili wachache liliweza kusimama mbele ya jaji na kusema: tumekuja kwa ajili ya umma.

Mojawapo ya mashirika hayo lilikuwa Greenwatch, lililojikita katika kutetea haki za mazingira kwa njia ya sheria, na miongoni mwa waanzilishi na viongozi wake alikuwa wakili Kenneth Kakuru. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walifungua kesi ambazo wakati ule zilionekana ngeni: kesi juu ya mifuko ya plastiki, ambayo Waganda huiita kaveera, kesi juu ya ardhi na misitu, kesi juu ya wanyama pori. Baadhi walishinda, baadhi walishindwa. Iliyo muhimu zaidi kwa somo letu ni ile ya umeme.

Maporomoko ya Bujagali

Kilomita chache kutoka Jinja, mto ukielekea kaskazini, yalikuwapo maporomoko ya Bujagali. Kwa Wabasoga pale palikuwa mahali patakatifu, makao ya mzimu wa Budhagaali. Kwa watalii palikuwa mahali pa kushindana na mawimbi kwa mashua za mpira. Kwa serikali, yalikuwa megawati 250 zilizokuwa zikipita bure.

Haja ya umeme ilikuwa ya kweli, na hilo lazima tuliseme wazi. Nchi ilikuwa ikikua, viwanda vilikuwa vikirudi baada ya vita, na bwawa la Jinja peke yake halikutosha. Serikali ikaingia katika makubaliano na kampuni ya AES Nile Power, tawi la kampuni ya Marekani, ili ijenge bwawa jipya na kuiuzia Uganda umeme kwa miaka mingi. Mkataba wa ununuzi wa umeme ulitiwa sahihi mwaka 1999.

Mkataba wa namna hii hufanyaje kazi? Mwekezaji hukopa fedha nyingi, na mkopeshaji humwuliza: utanilipaje? Mwekezaji humwonyesha mkataba usemao kwamba shirika la umeme la nchi litamlipa kila mwezi, si kwa kila uniti iliyotumika tu, bali kwa uwezo wa mitambo kuwa tayari. Mitambo ikiwa tayari, malipo ni lazima, hata kama umeme haukuhitajika. Na fedha hulipwa kwa dola, ilhali mwananchi hulipa ankara yake kwa shilingi. Shilingi ikishuka, ni nani atakayebeba tofauti? Maji yakipungua, ni nani atakayelipia mitambo iliyokaa kimya? Majibu yote yamo katika karatasi. Asiyeisoma karatasi huyajua majibu siku ankara inapofika.

Mwaka huohuo wa 1999, chama cha wanamazingira kiitwacho NAPE kilikwenda Mahakama Kuu kujaribu kuzuia mkataba kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kuidhinishwa. Kilishindwa. Hata hivyo swali la pili lilibaki: huo mkataba wenyewe unasemaje? Wananchi waliuliza, na jibu walilopewa ni kwamba ni siri ya kibiashara.

Hapo ndipo Greenwatch ilipomshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali pamoja na kampuni ya kusafirisha umeme ya Uganda, iliyokuwa imerithi majukumu ya ile bodi ya zamani. Hoja yao ilisimama juu ya Kifungu cha 41. Hawakumwomba jaji alivunje bwawa, wala aseme kama bwawa ni jema au baya. Walitaka jambo moja dogo: mkataba uonekane.

Tarehe 12 Novemba 2002, Jaji Fred Egonda-Ntende wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mkataba ule ni hati ya umma. Waziri alikuwa ametia sahihi kwa niaba ya serikali, na serikali huweka sahihi kwa niaba ya watu. Iliyofungamanishwa na sahihi hiyo haikuweza kuitwa mali ya faragha ya mfanyabiashara.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mto ni mali ya taifa, na mkataba ndio daftari lake. Punde baada ya hukumu, mkataba ukasomwa. Watafiti wa nishati wa kundi la Prayas, kutoka mji wa Pune nchini India, waliuchambua na kueleza kwamba Uganda ingelipa mamilioni ya dola kila mwaka zaidi ya ilivyostahili, na kwamba hatari ya maji kupungua ilikuwa imetwikwa nchi, si kampuni. Mtu aweza kubishana na hesabu zao, na wapo waliobishana. Lakini sasa ubishi ulikuwa juu ya kitu kilichoonekana. Kabla ya hapo ulikuwa ubishi wa vipofu juu ya umbo la tembo.

Mwaka 2003 AES ilijiondoa katika mradi. Hukumu ya mahakama haikuwa sababu pekee. Biashara ya kampuni hiyo ilikuwa imeyumba duniani, na tangu mwaka 2002 kulikuwa na uchunguzi wa tuhuma za rushwa juu ya mradi huo. Maporomoko yakaendelea kunguruma kwa miaka kadhaa zaidi.

Giza la mwaka 2006

Insha ya historia isiyosikiliza upande wa pili ni mahubiri, kwa hiyo tuusikilize. Bwawa lilichelewa, na kuchelewa kulikuwa na gharama. Mwaka 2005 na 2006 ukame uliipiga Afrika Mashariki, kina cha Ziwa Viktoria kikashuka, na mgao wa umeme ukaingia Kampala. Mitaa ilikaa gizani kwa zamu. Vinyozi walifunga vibanda, wachomeleaji wa vyuma walikaa mikono mitupu, na maduka ya kunakili karatasi ya Wandegeya yalisikika kwa ngurumo ya jenereta. Serikali ilikodi mitambo ya dizeli yenye gharama kubwa na moshi mwingi. Viongozi waliwalaumu wanamazingira kwa maneno makali: ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia yalikuwa ya maskini.

Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Mwanamke aliyejifungulia kwenye zahanati isiyo na taa hakuwa na faida yoyote na hukumu iliyotajwa katika vitabu vya sheria. Wakili wa mazingira asiyelijua giza hili hajaijua kazi yake yote.

Hata hivyo, giza lenyewe lina fundisho jingine. Mapema mwaka 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull alichapisha uchambuzi wake uliosema kwamba takribani nusu ya kushuka kwa ziwa hakukutokana na ukame. Kulitokana na mabwawa ya Jinja kuachilia maji mengi kuliko ile kanuni ya zamani ilivyoruhusu. Tangu mwaka 2000 bwawa la pili, Kiira, lilikuwa limeongezwa kando ya lile la kwanza, na yote mawili yalikunywa kutoka ziwa moja. Wavuvi wa Kisumu na Mwanza waliona gati zao zikibaki nchi kavu bila kujua kwamba sehemu ya sababu ilikuwa milango ya bwawa la jirani. Hapo tena tatizo lilikuwa takwimu zilizokaa mahali ambapo umma haukuzifikia. Usiri haukuleta mwanga. Kinyume chake, ulificha sababu mojawapo ya giza.

Bwawa la Bujagali hatimaye lilijengwa na kampuni nyingine, Bujagali Energy Limited, kuanzia mwaka 2007, kwa gharama iliyozidi dola milioni 800. Lilizinduliwa mwezi Oktoba 2012 na Rais Yoweri Museveni pamoja na Aga Khan. Maporomoko yalikwisha kuzama. Mgao wa umeme ulipungua sana, na hiyo ni heri ya kweli. Lakini bei ya umeme huo iliendelea kuwa mzigo, hata mwaka 2018 mikopo ya mradi ikabidi ipangwe upya, na Bunge likakubali msamaha wa kodi, ili bei ishuke. Swali lililoulizwa mahakamani mwaka 2001 lilikuwa bado hai miaka kumi na saba baadaye, nalo lilikuwa swali la bei.

Mlango hufunguka, mlango hufungwa

Mwanafunzi asidhani kwamba haki ikishapatikana hukaa milele kama jiwe. Mwaka 2005 Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, ili raia asihitaji kwenda Mahakama Kuu kila mara. Baada ya mafuta kugunduliwa karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, waandishi wawili wa habari waliitumia sheria hiyo kuomba mikataba ya mafuta. Mwaka 2010 mahakama ya hakimu pale Nakawa iliwakatalia. Mlango uleule uliofunguliwa kwa umeme ulifungwa kwa mafuta. Ilichukua miaka kumi mingine hadi Agosti 2020, Uganda ilipopokewa katika mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta, unaozitaka nchi wanachama ziweke mambo kama hayo hadharani.

Katika nishati jadidifu yenyewe kulikuwa na hatua za kutia moyo. Mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa GETFiT, uliosaidia miradi midogo ya maji na jua. Mwezi Desemba 2016 kituo cha jua cha Soroti, chenye megawati 10, kilizinduliwa chini ya mpango huo. Miradi hii ilitumia mikataba ya mfano iliyotayarishwa mapema, ili kila mwekezaji asije na karatasi zake mwenyewe na kujadiliana faraghani. Kwa mhandisi hilo ni jambo dogo. Kwa mwanasheria ni badiliko kubwa, kwa sababu mkataba unaojulikana kabla ya mnunuzi na muuzaji kukutana ni vigumu kuupinda.

Majirani zetu wa Kenya wametuongezea ushahidi. Kando ya Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, ilijengwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari, lakini njia ya kusafirishia umeme ilichelewa hadi mwaka 2018, na kwa mujibu wa mkataba Kenya ililazimika kulipia umeme usiofika popote. Kisha mwezi Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata sheria, baada ya wafugaji wa eneo hilo kulalamika kwamba hawakushirikishwa. Upepo ni safi, wala hauna kosa. Kosa lilikuwa katika namna watu walivyorukwa. Lamu nako, mwezi Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Upepo na makaa ya mawe havifanani kwa lolote, lakini vyote viwili viliulizwa swali moja: wenyeji waliambiwa nini, na lini?

Wakili akawa jaji

Mwaka 2013 Kenneth Kakuru aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani, ambayo nchini Uganda huketi pia kama Mahakama ya Katiba. Baadaye Jaji Egonda-Ntende, aliyetoa hukumu ya mwaka 2002 na ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa Jaji Mkuu wa Visiwa vya Shelisheli, naye alijiunga na mahakama hiyohiyo. Aliyekuwa mbele ya meza na aliyekuwa nyuma ya meza wakawa wenzi wa kazi.

Huko Kakuru hakuacha tabia ya kuuliza nani alimpa nani mamlaka. Tarehe 26 Julai 2018, mahakama ilipoketi Mbale kuamua juu ya kuondolewa kwa kikomo cha umri wa rais, majaji wanne waliliunga mkono jambo hilo, naye peke yake akalikataa. Mwezi Julai 2021 alikuwa miongoni mwa majaji wengi walioamua kwamba mahakama ya kijeshi haina mamlaka ya kuwahukumu raia wasio askari. Aliacha ujaji mwaka 2022, akafariki dunia mwezi Machi 2023. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu nayo ikatamka kwamba raia wasihukumiwe na mahakama za kijeshi.

Nimeyataja haya ili tuone kwamba kazi ya mwanasheria wa mazingira haina ukuta unaoitenga na kazi nyingine za uraia. Mto, msitu, bajeti, uchaguzi: vyote ni amana. Mwenye kushika amana hutakiwa atoe hesabu kwa mwenye mali. Wanasheria wa Uganda waliitumia hoja hiyohiyo ya amana kuhusu msitu wa Butamira, wilayani Jinja, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikakubali kwamba serikali inaushika msitu kwa niaba ya wananchi, hivyo haiwezi kuutoa kwa kilimo cha miwa bila ridhaa yao.

Leo anayetaka kuwa mwanasheria wa nishati ana njia nyingi. Aweza kufanya kazi kwa mamlaka ya umeme, akihakiki leseni. Aweza kumtumikia mwekezaji, akiandika mikataba, na hiyo nayo ni kazi ya heshima, maana bila mikataba imara hakuna atakayekopesha fedha za kujenga. Aweza kuwatetea wanakijiji ambao nguzo za umeme zitapita mashambani mwao. Tofauti kati ya wanasheria hawa si wema na ubaya. Kila mmoja ana mteja wake. Lakini katika kila meza ya mkataba wa umeme kuna mteja mmoja asiyekuwapo, ambaye ndiye atakayelipa kwa miaka 20 au 30. Sheria nzuri humwekea kiti, na wakili mwema hukumbuka kwamba kiti hicho kipo.

Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa mwezi Septemba 2024. Mwezi Machi 2025 mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme, iliyokuwa ikisambaza nguvu hizo majumbani, ulifikia kikomo, na kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali. Uganda ina umeme mwingi kuliko wakati wowote katika historia yake. Hata hivyo, kaya nyingi bado hupika kwa kuni na mkaa, na pale Wandegeya chapati bado hugeuzwa juu ya jiko la mkaa. Anayegeuza chapati hukokotoa kila jioni gharama ya mkaa, unga na mayai. Bei ya umeme ikimfaa, atauhama mkaa bila kuhubiriwa. Bei hiyo iliandikwa mahali fulani, na watu fulani, katika karatasi. Ana haki ya kuisoma.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya wakili, mwanasheria na jaji. Toa mfano mmoja wa kila mmoja kutoka katika insha hii, palipo na mfano.

2. "Mali bila daftari huisha bila habari" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" ni methali mbili zinazovutana katika kisa cha Bujagali. Ipi ina nguvu zaidi kwa maoni yako, na kwa nini?

3. Mwandishi anadai kwamba umeme usio na moshi waweza kukosa haki. Tumia mfano wa Ziwa Turkana kumwunga mkono au kumpinga.

4. Chagua mradi mmoja wa umma ulio karibu na shule yako, kama vile barabara, soko au kisima. Andika barua rasmi ya aya tatu kwa ofisi inayohusika, ukiomba kwa adabu kuonyeshwa mkataba wake.